Alama ya Baiskeli Yangu Matogoro

Ndugu msomaji, mimi ni mkosaji. Nalitanguliza hilo usije ukafika katikati ya maneno haya ukadhani natafuta huruma. Watu walikufa kwa sababu ya baiskeli yangu, na mwanamke mmoja akafa kwa sababu nilifunga mdomo. Huyo wa pili ndiye anayeninyima raha mpaka leo.

Bwana Mhariri, jina langu naomba ulifiche. Hapa Songea tunafahamiana sana, na wapo watu wanaonisalimia shikamoo kila asubuhi ambao wangeacha kunisalimia kama wangejua.

Nimesoma katika gazeti lako barua za mabwana wenye motokaa. Mmoja mpira umempasukia mara tatu katika safari moja. Mwingine amelala porini siku mbili kwa sababu ya tope. Wa tatu anauliza kwa nini motokaa yake inagoma asubuhi ya baridi mpaka isukumwe na watu kumi, na ikishawaka inawamwagia moshi wa usoni hao hao walioisukuma. Nikacheka peke yangu hapa barazani. Halafu kicheko kikanikauka, maana mimi nilikuwa na chombo cha magurudumu kabla yenu nyote, zamani za Mjerumani, na mashaka yake nayajua.

Nilikuwa karani katika duka la Mzungu mmoja aliyenunua mpira wa porini, ule utomvu wa mbungo ambao watu waliuviringisha kuwa madonge na kutuletea kutoka pande zote mpaka Tunduru. Kazi yangu kupima na kuandika. Huyo Mzungu alikuwa na baiskeli. Homa ilipomshinda wakambeba kwenye machela kumpeleka pwani, naye akaniachia mimi baiskeli yake, kwa kuwa wapagazi walikataa kuibeba. Walisema ina pembe.

Wee! Nilivyoringa! Katika nchi nzima ya Wangoni hapakuwa na nyingine. Nikipita, bibi vizee wanaingia ndani, mbuzi wanakata kamba, wanawake wanatua mitungi wanitazame vizuri. Mimi nimenyoosha shingo, suruali nimeifunga kamba miguuni isinaswe na mnyororo.

Ila sikuwaambia watu shida zake. Miiba ya njia za huku haikuacha mpira siku mbili mfululizo. Ngozi ya pampu ilikauka, nikawa naipaka mafuta ya kondoo, nikinuka kama mchinjaji. Breki hazikuwapo, kwa hiyo mteremkoni nilikuwa naburuza visigino mpaka viatu vikatoboka. Nikifika mtoni naibeba begani, nikifika kilimani naisukuma. Naweza kusema nusu ya njia niliipanda mimi, na nusu iliyobaki ilinipanda yenyewe!

Mwisho mpira wa nje ulichanika kabisa. Mpira mwingine ulikuwa Kilwa au Ulaya, sijui. Nikaomba bomani waniagizie na mizigo yao, wakanicheka. Basi nikachukua utomvu wa mbungo, nikaupika ukashika, nikaubandika pale pamoja na kipande cha ngozi ya mbuzi, nikazungushia kamba. Ukakaa. Kila gurudumu lilipozunguka, lile donge lilinigonga makalioni, na kila lilipogusa udongo liliacha shimo dogo. Nililiona lile shimo mara nyingi. Nililiona, ndugu zangu, wala halikunipa wazo lolote.

Vita vya Maji Maji vikaingia. Sitavieleza, wazee mnavijua na vijana mmesimuliwa.

Nina dada mmoja, mkubwa kwangu. Mama yetu alifariki mimi nikiwa natambaa, na huyu dada ndiye aliyenibeba mgongoni na kunitafunia chakula. Mume wake, shemeji yangu, alikunywa ile dawa ya maji, akachukua mkuki wake akaenda kupigana. Mimi sikunywa. Nilibaki mjini karibu na boma, nikaendelea kupima mpira kama kwamba hakuna kitu. Kabla hajaondoka, shemeji alinitazama toka kichwani mpaka miguuni mbele ya watu.

"Wewe endelea kuchezea gurudumu lako," alisema. "Wanaume tunakwenda."

Lile neno liliniingia, likakaa.

Mnajua kilichofuata. Maji hayakuzuia risasi. Waliopona wakakimbilia milimani, na askari wa Mjerumani wakawa wanachoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi iliyobaki. Shemeji na dada yangu wakajificha mlimani Matogoro, kwenye korongo moja lenye msitu mzito, wao na watu wa nyumba nyingine tano. Walikuwa na mahindi na ulezi waliofukia kwenye vihenge vya chini ya ardhi. Wakiyapata askari yale mahindi, wote watakufa. Hata mtoto alilijua hilo.

Pamoja nao alikuwapo mwanamke wa Kiyao, kwao upande wa Nakapanya, huko Tunduru. Nitamwita Binti Saidi. Mume wake alikuwa Mngoni, rafiki wa shemeji, akauawa vitani, yeye akabaki kati ya watu wasio wake. Alikuwa mpole, mwenye kuswali, na mjuzi wa kuchimba mizizi ya porini kama ile ming'oko ya kwao. Katika njaa mtu wa namna hiyo ni wa thamani kubwa.

Nilikuwa nawapelekea chumvi na habari. Mara tatu nilikwenda, kwa miguu, nikipita mbali na njia. Mara ya tatu dada alinisindikiza mpaka ukingoni mwa msitu, akanishika mkono.

"Mlongo wangu, mdogo wangu, hivyo hivyo. Uje kwa miguu. Kile kidude chako kiache hukohuko mjini, kina makelele."

"Sawa, dada."

"Siyo sawa ya mdomoni. Niambie nimekusikia."

"Nimekusikia, dada."

Nilikuwa nimemsikia kweli. Basi sikilizeni ujinga wangu!

Safari ya nne nilikuwa na mfuko wa chumvi na habari nzito, kwamba kikosi kipya cha askari kimefika bomani na kitaanza kupekua milima. Ilibidi wahame. Na dukani, wenzake yule Mzungu waliobaki walinitaka kabla ya adhuhuri, mzigo mkubwa wa mpira ulikuwa unakuja kupimwa. Nikajiambia, kwa miguu sitawahi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwenyewe. Ya kweli ni kwamba nilitaka shemeji anione. Nilitaka yule aliyenidharau mbele ya watu, sasa amekonda na kujificha kama panya, anione nikimjia na chumvi na wokovu juu ya gurudumu lile lile.

Dada alisema makelele, nami nikashughulikia makelele. Nikaivua kengele. Nikaupaka mnyororo mafuta mpaka ukateleza kimya. Nikaiendesha nyuma ya nyumba kujaribu, ikawa haisikiki kabisa, nikajiona hodari sana!

Jana yake jioni mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Ardhi yetu hii nyekundu mnaijua ikilowa.

Nikatoka alfajiri kulipokucha. Mahali pa tambarare nilipanda, kwenye kilima nikasukuma, kwenye kijito nikabeba, ng'ambo nikatua nikasukuma tena. Ningeweza kuiacha kijitoni. Nilisimama pale, nikaiangalia, nikaona shemeji hatasadiki kwamba nimeipanda nisipofika nayo. Nikaisukuma mpaka ndani ya korongo, mpaka mbele ya vibanda vyao vya majani.

Dada aliponiona alishika kiuno.

"Nilikwambia nini?"

"Nimevua kengele, dada. Umesikia kitu?"

Hakusikia kitu. Alikubali hilo kwa kutikisa kichwa, uso umekunjamana. Lakini shemeji, jamani, shemeji alicheka! Miezi mingi hakuna aliyecheka katika korongo lile. Akaja akagusa usukani, akazungusha gurudumu kwa kidole, akaniomba akalie. Nikaishika, akapanda, miguu mirefu inagusa chini, akasema, "Kumbe kina kiti kizuri. Nisamehe yale maneno yangu, shemeji." Wote wakamcheka. Binti Saidi naye alikuwa na kapu lake la kuchimbia, anaelekea upande wa pili wa mlima, akasimama kidogo kutazama kisha akaenda zake.

Nikawaambia habari ya kikosi. Wakakubaliana kuhama kesho yake asubuhi wakishafukua mahindi. Nikarudi mjini nikateremka kwa furaha, visigino vinaburuza. Adhuhuri haijafika, nikawa dukani napima mpira.

Alasiri tulisikia bunduki upande wa Matogoro. Nikajiambia ni upande mwingine, mlima ni mkubwa. Niliendelea kuandika, na nakumbuka niliandika vizuri, bila kukosea hata mstari.

Kabla jua halijazama waliwaleta. Wanawake wamefungwa kamba shingoni, wanaume wachache waliobaki hai wamefungwa mikono nyuma. Dada yangu alikuwa wa tatu. Shemeji alikuwa anachechemea. Nyuma yao moshi ulikuwa unapanda mlimani, mahindi na ulezi vinaungua.

Asubuhi yake shaushi, yule mkubwa wa askari, mtu wa kuja ambaye si wa nchi hii, akaingia dukani. Nikajua nimekamatwa kwa kupelekea adui chumvi. Yeye akanipiga bega!

"Karani, wewe mtu mwema sana!"

Sikuelewa. Akachora mstari mrefu kwenye vumbi la sakafuni kwa ncha ya fimbo yake, na pembeni ya mstari akatoboa vishimo, kimoja kimoja, kwa nafasi sawa.

"Tulikuta hii njiani. Gurudumu ni moja tu nchi hii, la karani. Bwana mkubwa wetu Mjerumani akasema, tazameni, karani ametuandikia njia. Tukafuata mpaka kijitoni, ikapotea kidogo, ng'ambo tukaiona tena, mpaka mlangoni kwao."

Niliutazama ule mstari. Nikaona kila kitu mara moja, na nikaona pia kwamba shaushi ananingoja niseme neno. Nikisema sikuwaonyesha njia, ataniuliza nilikwenda kufanya nini. Nikisema niliwapelekea chumvi, nitasimama pamoja na shemeji.

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Maneno mawili tu. Nikayasema na tabasamu.

Shemeji walimnyonga pamoja na wenzake. Nilikuwapo, kwa maana makarani wote tuliamriwa kuwapo. Alinitafuta kwa macho katika kundi, akaniona, akanikonyeza kidogo kama mtu anayemtia moyo mwenzake. Hakujua! Alikufa akiniona mimi mtu wake.

Dada nilimwombea bomani nikapewa siku ile ile. Bwana mkubwa alisema, "Mpeni karani dada yake, ametusaidia." Nikamchukua nyumbani kwangu. Akanyoa nywele za msiba, akakaa kwenye mkeka, akaniambia bila wewe ningekufa mle ndani. Akanibusu mkono, dada yangu mkubwa, aliyenitafunia chakula. Nikauacha mkono wangu ubusiwe.

Miezi miwili baadaye msafara wa mizigo ukafika kutoka pwani. Bomani wakaniita. Bwana mkubwa mwenyewe akanikabidhi kitu kilichofungwa kwa karatasi: mpira wa nje wa baiskeli, mpya, unanukia. Ule niliouomba wakanicheka. Nikashukuru kwa kuinama, nikaenda nyumbani, nikauvalisha gurudumu siku ile ile. Naona aibu kuliandika hili kuliko mengine, kwa sababu nakumbuka kwamba kwa muda mfupi, nikiujaza upepo, nilifurahi.

Katika zile siku wanawake waliofungwa walikuwa wanaachiwa mmoja mmoja, nao walipokutana walikuwa na swali moja. Nani alituuza? Korongo lile hakulijua mtu. Wakahesabu walivyokuwa asubuhi ile, nani alikuwapo, nani hakuwapo. Mimi hakuna aliyenihesabu, kwani ndiye niliyekuja kuwaonya. Hakuwapo mmoja. Binti Saidi alitoka na kapu lake asubuhi, askari wakaja, na yeye hakukamatwa. Tena si mtu wa kwetu. Tena mumewe amekufa, hana cha kumfunga kwetu. Jibu likawa limepatikana.

Dada yangu ndiye aliyelisema kwa sauti kuliko wote. Alilisema nyumbani kwangu, kila mgeni alipokuja kumpa pole, mimi nimekaa pale pale.

Njaa ikaja. Sina maneno ya njaa ile. Watu walikula ngozi walizolalia. Mimi nilikuwa na posho ya duka, kidogo, tukaishi.

Asubuhi moja Binti Saidi akaja mlangoni kwetu. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Alikuwa na kapu lake, ndani mizizi michache yenye udongo, na kigae kikavu mkononi. Akapiga magoti nje, hakuvuka kizingiti.

"Hodi, dada. Siombi chakula. Naomba moto tu. Hii mizizi mibichi ina sumu, mpaka ipikwe. Nipe kaa moja."

Mnajua wenyewe, kwetu moto hanyimwi mtu. Hata uliyegombana naye jana, akija na kigae unamwekea kaa, ugomvi utauendeleza kesho. Sikuwahi kuona mtu akinyimwa moto tangu nizaliwe.

Dada yangu alisimama. Alikwenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akarudi jikoni, akayamwaga juu ya moto wetu wenyewe. Yakalia chwaa, majivu yakapanda mpaka darini. Akachota tena akamwaga, mpaka hakuna hata kaa moja lililobaki jekundu.

"Moto hakuna," akasema. "Nenda ukaombe kwa wale uliowauzia mume wangu."

Binti Saidi hakulia. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, hatua tatu kutoka kwake, baiskeli imeegemea ukuta nyuma yangu.

"Baba karani," akasema, "wewe ulikuwapo asubuhi ile. Uliniona nikienda kuchimba. Waambie."

Ndugu msomaji, wakati ulikuwa huo. Ningefungua mdomo tu. Wajerumani hawakuwapo pale, shaushi hakuwapo, palikuwa na wanawake wawili na mimi. Ningesema, dada, huyu hana kosa, ni mimi. Angenipiga, angenitemea mate, angeondoka nyumbani kwangu. Angeishi Binti Saidi!

Nikasema, "Mimi niliondoka mapema. Sijui alikwenda wapi."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda. Baadaye mimi ndiye niliyekwenda kwa jirani na kigae kuomba moto wa kupikia uji wetu. Nikapewa.

Habari ilienea kwamba dada wa karani amemnyima moto yule Myao msaliti, na mtaa mzima ukamnyima. Akaamua kurudi kwao Nakapanya, peke yake, kwa miguu, ile njia ndefu ambayo hata wapagazi wenye nguvu wanaihesabu kwa majuma. Wachuuzi wa mpira waliotokea Tunduru walinisimulia wakati nikiwapimia. Walimkuta mwanamke chini ya mti kando ya njia, kapu liko tupu, na mdomoni bado ana mizizi mibichi. Wakamfunika majani. Hawakujua jina lake. Mimi nililijua, nikaendelea kupima.

Baiskeli ile niliiuza baadaye kwa mtu wa Lindi. Mnafikiri nilipona? Niliota ndoto za ajabu, nikaoa mke akanikimbia akisema nanyamaza kupita kiasi, watoto sikupata. Nilibaki na dada yangu. Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja, nywele zikatugeuka nyeupe wote wawili. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha alinikumbusha jinsi nilivyomwokoa. Alinipikia, aliniombea. Na mara kwa mara, akiwa amekaa tu anachambua mboga, alisema, "Yule Myao Mungu alimlipa palepale." Nami nilijibu, "Hm."

Miaka ishirini na zaidi nilijibu hivyo!

Sasa mwaka huu, mvua za kwanza zimenyesha, lori likapita mtaani kwetu upande wa Mfaranyaki. Si la kwanza, lakini halikuwahi kupita mbele ya nyumba yetu ardhi ikiwa laini vile. Likapita linanguruma, watu wakatoka kulitazama, likapotea. Watu wakarudi ndani. Dada yangu akabaki nje ameinama, mikono magotini, anatazama chini.

"Njoo uone," akaniita.

Nikaenda. Magurudumu yalikuwa yameacha mistari miwili mizuri, yenye maua maua, kutoka kona ile mpaka kona hii.

"Tazama," akasema, anacheka kama mtoto. "Huyu hata akienda kujificha wapi, mtu atamfuata tu. Wale askari wa zamani wangepata alama kama hii wasingehitaji Myao wa kuwaonyesha."

Alisema tu, ndugu zangu. Hakuwa na dhana yoyote. Kama ningecheka naye, tungeingia ndani tukanywa uji na mambo yangeendelea hadi tufe. Lakini mwili wangu ulikataa. Nikakaa pale pale kwenye tope.

"Una nini? Unaumwa?"

"Dada, waliipata."

"Walipata nini?"

"Alama. Ilikuwa yangu. Ile baiskeli. Niliisukuma mpaka mlangoni kwenu na ardhi imelowa."

Nikamwambia yote. Shaushi, ule mstari wa fimbo, maneno yangu mawili, mpira mpya wa gurudumu. Nilisubiri anililie mume wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa miaka yote. Hakumtaja mume wake hata kidogo.

Akauliza, "Siku ile alipokuja kuomba moto, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Uliniona nikichota maji?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza nikamwaga."

"Nikanyamaza, dada."

Akaitazama mikono yake, ndani na nje, kama anayetafuta kitu.

"Mume wangu aliuawa na Wajerumani," akasema. "Wewe uliteleza, ulikuwa mjinga, ningekusamehe jioni ile ile. Lakini Binti Saidi nilimuua mimi, kwa mkono huu. Ulinipa mtu asiye na kosa nimuue, ukakaa kwenye kigoda unatazama."

Nikamshika miguu. Akaiondoa polepole, bila hasira, nikatamani anipige.

Siku tatu hakusema nami. Siku ya nne alifunga mzigo wake, shuka moja, chungu, unga kidogo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Nakapanya. Kumtafuta mama yake Binti Saidi, au ndugu, au hata jirani aliyemjua, awaambie kwamba binti yao hakuuza mtu.

"Mama yake atakuwa alishakufa, dada."

"Basi nitaliambia kaburi."

"Ngoja nikusindikize. Nitakulipia nafasi kwenye lori linalokwenda huko."

"Lori silipandi. Na wewe hukuweza kusema ukiwa na hatua tatu. Huko utasema nini?"

"Njia ni ndefu, dada. Una miaka mingi. Utafia njiani."

Akajitwisha mzigo, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Na yeye je?"

Ndivyo alivyoondoka. Sasa ni juma la saba. Wachuuzi wanaotoka Tunduru nawauliza mmoja mmoja, kama wamempita bibi mmoja mzee, mfupi, mwenye chungu kichwani. Hakuna aliyemwona.

Wasomaji, kila mtu anaweza kukosea njia, nami sijui hata leo kama kuna mwenye baiskeli ambaye angefikiri juu ya udongo asubuhi ile. Sionyi mtu kwa hilo. Nawaonya kwa lile la pili. Ukifanya kosa, sema siku ile ile, hata kama sauti haitoki, hata kama watakutemea mate, kabla hawajatafuta mtu wa kumbebesha. Maana watamtafuta, na watampata, na atakuwa ni yule asiye na wa kumtetea. Msingoje siku nzuri ya kusema kama nilivyoingoja mimi. Ilipofika, aliyestahili kusikia alikuwa amekwisha oza zamani kando ya njia ya Nakapanya, na dada yangu alikuwa amezeeka, akaenda kuwatafuta ndugu wa marehemu kwa miguu.